Sauti Iliyosema Funga

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa sita, siku ya maonyesho ya utafiti, mgeni rasmi akiwa bado hajafika hata nusu ya kikombe chake cha chai.

Wiki nzima kabla ya hapo chuo kilikuwa hakilali. Kila idara iliambiwa itoe nje kitu chake cha kujivunia, na zikatoa. Wa kilimo walileta viazi visivyooza. Wa udaktari walileta mguu wa bandia uliojua kupanda ngazi wenyewe. Kushuka ulikuwa bado haujafundishwa. Wa umeme walileta taa iliyowaka kwa nguvu ya samadi, na watu waliisifu sana, kwa mbali. Wa majengo hawakuhitaji kubeba kitu, kwa sababu chao kilikuwa kimeshafungwa kwenye ukumbi mkubwa: milango ya kioo kisichovunjika, ugunduzi wao wenyewe, kioo kilichopigwa nyundo, kikapigwa mawe, kikapigwa kila kitu isipokuwa busu.

Aliyekipiga ni Nyundo. Hilo halikuwa jina lake. Wanafunzi walimbandika kwa sababu ya kazi yake. Kwenye karakana ya zege walimimina zege katika viboksi vya chuma, likikauka wanamletea, naye analiweka kati ya mabamba mawili ya mashine, anapampu jeki mpaka lipasuke, kisha anasoma mshale umesimama wapi. Ndiyo kazi. Miaka nenda miaka rudi mtu anavunja vitu ili wengine wapate shahada. Shule yeye aliiacha njiani, na chuoni aliingia na beleshi begani. Na wasomi hakuwa na ugomvi. Msomi akikosea hukosea akiwa ameinama juu ya kazi yake. Ugomvi wake ulikuwa na wale wanaokaa juu ya wasomi, wa viti vya kuzunguka, ambao hawajawahi kugundua kitu ila jinsi ya kusimama mbele kwenye picha.

Mkewe alikuwa maabara ya chakula, akiosha chupa. Hapo walikuwa wamegundua namna ya kutengeneza harufu ya ndizi bila ndizi, kali kiasi kwamba tone moja lilitosha pipa zima la maziwa. Harufu ile ilimganda mpaka kwenye nywele, wakamwita Mama Ndizi. Nyundo alizoea kumwambia kwamba nyumba yao ndiyo pekee mtaani inayonukia ndizi na haina hata ganda la kumtelezesha mtu. Mkewe alimjibu kwamba heri yeye anayenukia tunda, kuna mtu kila siku anapanda kitandani ananuka saruji.

Mlangoni mwa ukumbi, na ufunguo umening'inia shingoni, alisimama mlinzi ambaye kwa Nyundo alikuwa shemeji: mdogo wake wa mwisho Mama Ndizi. Dada mtu ndiye aliyemlea walipofiwa na wazazi, na ndiye aliyemtafutia ile kazi kwa kupiga magoti ofisi hadi ofisi. Suruali ya sare ilikuwa ndefu mno. Asubuhi ile ile dada aliikunja na kuishona kwa mkono, shemeji mwenyewe akiwa ndani yake, huku akimwambia asitikisike asije akashonwa na mguu.

Waliobaki ni nyuki. Hao walikuwa wa maabara ya wadudu, na fundi wao alikuwa mwanamke mmoja mpole ambaye chuo kizima kilimwita Dada wa Nyuki. Kwenye kikao cha maandalizi alisema mzinga wake uwekwe mbali, nyuma ya uwanja wa mpira, na hasa usikaribiane na watu wa ndizi. Mkurugenzi wa Utafiti, ambaye ndiye alikuwa bwana wa sherehe, akacheka. Asali ni tamu, akasema, harufu ya ndizi ni tamu, kwa hiyo vitamu vikae pamoja, mgeni rasmi aonje huku na huku bila kutembea, maana goti lake linamsumbua. Na mashine ya kuvunjia zege iwekwe hapo hapo barazani, kwa kuwa wageni hupenda kusikia kitu kikilia. Basi ndivyo ilivyokuwa. Chuo kizima, na vichwa vyote vile, kikapangwa kwa kufuata goti la mtu mmoja.

Nyundo alipopewa ishara aliweka pande la zege kwenye ile mashine ndogo ya kubebeka, akapampu. Likapasuka kwa kishindo. Wageni wakapiga makofi, wakataka jingine. Akavunja jingine. Sakafu ya baraza ikatetemeka mpaka vikombe vikagongana, na meza ya pili kutoka kwake mzinga wa vioo wa Dada wa Nyuki ukaanza kuunguruma. Alimwona yule dada ameinua mkono, anasema kitu. Lakini Mkurugenzi naye alikuwa ameinua kidole, anataka la tatu, na kidole cha Mkurugenzi ndicho kilicholipwa mshahara mkubwa.

La tatu lilipopasuka, kipande kiliruka kikaupiga mzinga. Kioo cha mzinga hakikuwa cha wale wa majengo. Kilivunjika.

Nyuki walimwagika nje kama maji meusi. Wa kwanza kuchomwa alikuwa mpiga picha. Akajizaba kofi usoni, akarudi kinyumenyume, akaivamia meza ya ndizi. Mama Ndizi alikuwa amesimama hapo na trei ya vichupa. Trei ikampindukia kifuani, vichupa vikapasuka, na gauni lake likalowa ile harufu ambayo tone lake moja linatosha pipa.

Baada ya hapo watu walikuwa miguu tu. Waliparamia meza, wakakanyaga viazi visivyooza, wakamkanyaga mwanafunzi mmoja mkono mpaka ukalia, na wote wakaelekea sehemu moja, ukumbini. Nyundo hakukimbia. Alibebwa. Alikuwa akimtafuta mkewe kwa macho huku mabega ya watu yakimsukuma kinyume, na alipoweza kukanyaga chini alijikuta ndani, na nyuma yake akasikia ufunguo ukizunguka.

Mama Ndizi alikuja akikimbia, kichwa ameinamisha, mikono ameziba macho, na hakupunguza mwendo, kwa sababu mlango ule tangu asubuhi ulikuwa wazi. Alikipiga kioo kwa paji la uso. Akaanguka. Akainuka. Akaweka viganja vyote viwili kwenye kioo na kutazama ndani, na Nyundo akaona anamtafuta yeye.

Nyuki waliokuwa wakifukuza watu huku na huku waliwaacha wote wakamrudia yeye. Walimfunika kifua kwanza, palipolowa, wakapanda shingoni kama sweta inayovaliwa kutoka chini. Alikuwa akijipiga, na kila alipojipiga walizidi. Alifumbua mdomo kupiga kelele wakaingia. Kioo kilikuwa kinene. Ndani haikupita hata sauti ya kucha zake.

Nyundo aliinua kiti cha chuma akakipiga kioo. Kiti kikapinda. Akapiga kwa ngumi mpaka vifundo vya vidole vikapasuka na damu ikaandika kwenye kioo. Alijua hakitavunjika, maana yeye mwenyewe ndiye aliyekipima, lakini mikono haikutaka kuambiwa. Akamgeukia shemeji. Yule kijana alikuwa ameshika ufunguo, uso umesawijika, anamwona dada yake. Akanyoosha mkono kwenye kitasa. Na hapo redio ya mkononi iliyokuwa begani mwake ikakohoa, ikasema, kwa sauti ya mtu asiye na haraka yoyote:

"Mlango ubaki umefungwa. Usifungue mpaka niseme."

Mkono wa shemeji ukasimama hewani. Nyundo akamrukia. Wanaume wa suti wakamdaka, mmoja kiunoni, mmoja shingoni, wakisema mshikeni huyu atatuingizia nyuki. Alimpiga mmoja kichwa mdomoni na meno yakamwagika juu ya tai. Alimng'ata mwingine mkono. Walimlaza chini wakamkalia, mwalimu wa hesabu juu ya mgongo na mwalimu wa sheria juu ya miguu, na kutoka pale sakafuni, kati ya viatu vilivyopakwa rangi vizuri, alimwona mkewe akiteleza polepole kwenye kioo mpaka nyuso zao zikawa sawa, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Uso wake ulikuwa umevimba hata macho hayakuonekana tena. Bado kiganja kimoja kilikuwa kikipiga kioo, kama mtu anayegonga kwa adabu. Kisha kikaacha.

Dada wa Nyuki ndiye aliyeingia katikati ya wingu lile na kopo lake la moshi, peke yake, bila kofia. Nyuki walipotulia, redio ikasema sasa fungua. Shemeji akafungua.

Siku ile ile, kwenye ukumbi wa hospitali, Dada wa Nyuki alimweleza Nyundo, naye macho yamevimba kiasi kwamba alikuwa akizungumza na ukuta wa pembeni. Nyuki akichoma, akasema, huacha harufu, na harufu hiyo huwaambia wenzake adui yuko hapa, njooni. Harufu yenyewe ni ya ndizi. Kwa wafuga nyuki hilo si jipya, hata wazee wasiojua kusoma hawali ndizi karibu na mzinga. Alisema hivyo kwenye kikao na watu wakadhani ni mzaha. Halafu akasema kuna na mtikisiko, nyuki hawapendi mtikisiko. Nyundo alimwambia mashine iliwekwa pale kwa amri. Akarudia mara mbili, ingawa yule dada hakuwa amemlaumu.

Na kweli, hasira yake haikwenda kwenye nyuki wala kwenye ndizi. Nyuki ni mdudu. Ajali ni ajali, kila karakana ina yake. Lakini mlango haukuwa ajali. Mlango una kitasa, kitasa kina ufunguo, ufunguo una mkono, na mkono uliambiwa na mdomo. Alitaka mdomo ule. Hakutaka kingine chochote duniani.

Alianzia karibu. Siku ya pili ya msiba, nyumbani kwake, waombolezaji wakiwa wamekaa, shemeji aliingia na ile ile suruali iliyoshonwa na marehemu. Nyundo aliinuka na kigoda alichokalia, akampiga nacho bega, akampiga mbavu, kigoda kikavunjika akaendelea na mguu wa kigoda uliobaki mkononi. Shemeji hakujikinga. Alikaa chini akapokea, damu ikimtoka sikioni, kama mtu anayepimwa nguo. Binti yake Nyundo, aliyefika kutoka kwa mumewe mbali, ndiye aliyejilaza katikati.

"Baba, utamuua mjomba. Tutazika wangapi?"

Shemeji alisema akiwa hapo hapo chini, kwa sauti ndogo, kwamba yeye aliambiwa funga akafunga, na hakujua dada yuko nje. Na alipomwona, sauti ikamwambia tena asifungue, na mkono ukamgandia. Sauti ya nani, hajui. Redio zile si za walinzi peke yao. Siku ya maonyesho hugawiwa kila mkubwa na kila mwanakamati, na jioni hukusanywa zikarudi kabatini, na ukishazigawa vile kila anayebonyeza kitufe ni bosi.

"Ningeisikia tena, shemeji, ningeijua hata usingizini," akasema. "Ndiyo inayoniamsha."

Basi Nyundo akawa mtu wa swali moja. Chuo kiliunda kamati ya uchunguzi, kama ilivyo desturi ya chuo, ambako hata panya akifa huundiwa kamati. Alikaa kwenye benchi nje ya chumba chao siku nzima. Walipotoka walimwambia kwamba wamesikitika, na kwamba mlango ulifungwa kwa usalama wa wageni. Akauliza nani aliufunga. Wakasema taratibu zilifuatwa. Alimshika mwenyekiti wa kamati kwa tai, akamvuta mpaka uso wake ukawa wa bluu, na walinzi wakampeleka nyuma ya jengo la mitambo wakamtandika kwa marungu hadi akatema jino. Hakulia. Aliliokota jino akalitia mfukoni, akawauliza na wao nani alisema funga. Mmoja wao, aliyewahi kulishwa na Mama Ndizi siku za njaa ya mwisho wa mwezi, akatupa rungu chini akaenda kutapika.

Hawakumfukuza kazi. Kumfukuza mgane wa mwanamke aliyekufa vile kungesomeka vibaya gazetini. Walimwacha avunje zege, na alivunja. Wanafunzi walianza kuogopa kumpelekea vipande vyao, kwa sababu hakusimamisha tena jeki zege lilipopasuka. Aliendelea mpaka likawa unga. Usiku na mchana vilimwendea sawa, na nguo za mkewe hakuzifua, mpaka harufu ya ndizi ikaisha kabatini yenyewe, na hilo nalo likawa kama wamemuua tena.

Mwaka ukazunguka. Asubuhi ya maonyesho mengine, Nyundo akienda kazini alipita mbele ya ukumbi na kukuta wanatundika bango refu. Alisoma polepole, herufi kwa herufi, kama kawaida yake. Ugunduzi wa mwaka: harufu ya ndizi inavyochochea nyuki. Chini yake jina la Mkurugenzi wa Utafiti, kwa herufi nene, na majina mengine ya vyeo. La Dada wa Nyuki halikuwepo. Yeye alishahamishiwa stoo ya vitabu kwa kosa la kuuliza maswali. Na katikati ya bango, picha ya mlango wa kioo, imepigwa kabla haujafutwa. Alama za viganja viwili zilionekana vizuri. Picha nzuri, ya kitaalamu. Mkewe alikuwa ameshakuwa utafiti.

Alisimama pale mpaka fundi wa ngazi akamwomba apishe.

Haikupita muda mrefu, Mkurugenzi mwenyewe akaja karakana ya zege, redio kiunoni, manukato yakimtangulia. Alikuja kumwambia mashine ndogo ipelekwe barazani tena, ila mwaka huu wavunje kwa mbali kidogo, akacheka, akamwita mzee wangu, akamshika bega. Nyundo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye mlango wa chuma wa karakana, akausukuma, akateremsha komeo.

Mkurugenzi alikuwa mkubwa wa mwili, lakini mwili wake ulikuwa wa vikao. Nyundo alimpiga ngumi moja ya tumbo iliyomkunja kama kiti cha bustani, akamkokota kwa ukosi hadi kwenye mashine kubwa, akamfunga kifundo cha mkono wa kulia kwenye nguzo kwa waya wa kufungia nondo, akakaza kwa koleo mpaka waya ukaingia nyamani. Kiganja kikalala juu ya bamba la chini, pale panapokaa zege. Akapampu, taratibu, mpaka bamba la juu likagusa vidole.

"Nani alisema funga?"

Mkurugenzi alianza kwa kusema waongee kama watu wazima. Nyundo akapampu. Akasema basi ni mlinzi mkuu, yule mstaafu, kila mtu anajua hana huruma. Nyundo alijua mlinzi mkuu siku ile alikuwa wodini, amelazwa kwa figo. Akapampu. Kidole cha kati kikavunjika. Mlio wake haukuwa kama wa zege. Ulikuwa mdogo, wa majimaji, kama mtu anayetafuna muwa. Mkurugenzi alipiga ukelele mrefu, na ukelele ule ukamwingia Nyundo masikioni kama maji ya baridi kwa mtu mwenye kiu, na akajiona hana aibu.

Mkurugenzi akasema ni mpambe wa mgeni rasmi. Akasema ni shemeji yako mwenyewe, yule mlinzi, alijitungia. Kwa hilo Nyundo alimpiga kofi la mdomo kabla ya kupampu, na cha pete nacho kikaenda, na pete ikazama ndani ya nyama. Damu ikatiririka kwenye bamba, ikapita kwenye vijifereji vilivyotengenezwa kwa ajili ya vumbi.

"Ni mimi," akasema Mkurugenzi. "Basi. Ni mimi."

Nyundo akaacha kupampu. Mwaka mzima alikuwa ameliwazia neno hilo, jinsi litakavyotua. Akalegeza jeki kidogo ili amwone usoni vizuri. Mara tu bamba lilipoinuka, Mkurugenzi akaanza kutikisa kichwa, kamasi na machozi vikichanganyika, akisema si yeye, haki ya Mungu si yeye, amesema tu ili aachiwe mkono. Nyundo akapampu. Ni mimi. Akalegeza. Si mimi. Akapampu tena, akalegeza tena, na majibu yakawa yale yale, kushuka na kupanda pamoja na bamba, mpaka akahisi kitu kikimpasuka yeye. Mshale ulikuwa ukisogea vizuri kwenye saa ya mashine. Hapakuwa na kitu cha kusoma.

Ukelele ulikuwa umesikika nje. Mlango wa chuma ukagongwa, kwanza kwa kiganja, halafu kwa ngumi.

"Shemeji," sauti ikasema kutoka nje. "Fungua. Ni mimi, shemeji yako. Huyo mtu usimuue."

Nje miguu iliongezeka, wakasikika walinzi wengine, mmoja akisema walete chuma wabomoe komeo. Na hapo ndipo redio iliyokuwa kiunoni mwa Mkurugenzi ilipokohoa. Ilikohoa ndani, na kwa wakati ule ule ikakohoa nje, kwenye bega la shemeji, kwa hiyo maneno yakaja mara mbili, upande huu wa chuma na upande ule, kwa sauti ya mtu asiye na haraka yoyote:

"Mlango ubaki umefungwa. Wageni wasisikie. Msifungue mpaka niseme."

Ngumi mlangoni ziliacha.

Nyundo alikuwa ameikumbuka vibaya. Mwaka mzima aliifanya nzito, yenye ukali, kumbe ilikuwa laini, hata ya upole kidogo, kama ya mtu anayeagiza chai. Alimtazama Mkurugenzi, mkono kwenye chuma, mdomo wazi, na mdomo ule haukuwa umesema kitu.

"Shemeji," kijana akasema huko nje, na alikuwa akilia. "Umesikia? Ndiye. Ndiye yule."

Mkurugenzi naye alikuwa amesikia. Alikuwa ameelewa kwamba mlango uliosemwa ni huu, na kwamba aliyefungiwa ni yeye. Akaitazama redio kiunoni mwake kama mtu aliyekuta nyoka kwenye mkanda. Akamwambia Nyundo, kwa sauti iliyobaki, awaambie wafungue, awaambie ni yeye yumo humu, Mkurugenzi, hawajui kwamba ni yeye. Nyundo akamwuliza anamjua mwenye sauti. Mkurugenzi akatikisa kichwa.

"Mimi nilidhani ni mtu wa ulinzi," akasema. "Wa ulinzi walidhani ni mimi. Huwa inasema, sisi tunafanya."

Nyundo alimwamini, na kumwamini kulimuuma kuliko alivyoumia alipokuwa hamwamini. Akafungua valvu ya jeki. Bamba likapanda, ule mkono ukabaki pale chini, mwekundu, bapa, vidole vikitazama kila upande. Akaukata waya kwa koleo. Mkurugenzi akateleza hadi sakafuni, akajikunja juu ya mkono wake kama mtoto juu ya paka.

Nje kukaanza kishindo. Shemeji alikuwa akiupiga mlango kwa bega. Redio ikasema, bila kubadilika, kwamba imesema usifungue. Akapiga tena. Wenzake wakamvuta, ikasikika nguo ikichanika, na ngumi, na mtu akianguka, na yeye akarudi tena na bega lile lile ambalo Nyundo alikuwa amelivunja kwa kigoda, akipiga, akitukana, akimwita dada yake kana kwamba dada yuko ndani ya karakana. Komeo likaanza kupinda.

Nyundo angeweza kulifungua mwenyewe. Alikuwa na jambo moja kwanza. Aliinama akaichomoa redio kwenye mkanda wa Mkurugenzi. Mikono yake ilikuwa inateleza kwa damu, ikabidi aifute kwenye koti la yule mtu ili aweze kubonyeza kitufe.

Swali lile lilirudiwa baadaye. Shemeji aliliuliza polisi, bega likiwa kwenye bandeji na kazi ameshapoteza. Binti alimuuliza wakili. Hakimu aliyempeleka Nyundo gerezani alilisoma kwa sauti, akasema mahakama haikuitishwa kwa jambo hilo, akafunga faili. Lakini siku ile lilisikika mahali pote kwa mara moja, getini na maabara, stoo ya vitabu alikokaa Dada wa Nyuki, na barazani penyewe, ambako kila mkubwa aliyesimama mbele ya bango alikuwa na redio yake kiunoni na mgeni rasmi alikuwa akionja asali. Vikombe viliacha kugongana. Watu wakatazamana, kila mmoja akimtazama wa juu yake, na redio zikabaki zikichemka zenyewe kama mafuta kwenye kikaango.

"Wewe unayesema funga," Nyundo aliuliza, "ni nani?"